Asiransi ya nyumba: tujue tunalipia nini mbele ya kutoa makuta

Ukipita Sake asubuhi, pale njia ya Masisi na njia ya Minova zinapoachana, sauti ya kwanza unayosikia ni nyundo. Watu wanajenga. Tangu mwezi wa pili 2024, vita vilipokaribia muji, wengi walikimbilia kambi za Mugunga, Lushagala na Bulengo. Mwanzoni mwa 2025 kambi zikavunjwa, watu wakarudi, na wengi walikuta mahali pa nyumba pamebaki msingi tu: mbao zimeenda, mabati yameenda, hata mlango umeenda. Sasa mwenye kuvuna maharagwe anauza sehemu ya mavuno ili anunue mbao chache, misumari na bati moja moja.

Kwa mkulima nyumba si mahali pa kulala tu. Ndani yake kuna mbegu za msimu unaokuja, majembe, pompe ya kunyunyizia dawa, karne ya akiba, na usiku hata mbuzi. Nyumba ikiungua, msimu mzima umeungua pamoja nayo. Ndiyo sababu katika mikutano ya koperative swali moja linarudi: “Tukisha kujenga, asiransi haiwezi kutulipia kama nyumba inapotea tena?”

Jibu fupi ni hili: asiransi inayouzwa bironi, kwa sehemu kubwa ya hatari zetu za Sake, haitalipa. Lakini wazo lenyewe la asiransi ni zuri, na tuko nalo mikononi tayari. Tukilielewa vizuri, tutaacha kupoteza makuta kwa karatasi zisizotusaidia, na tutajenga kinga inayolingana na mfuko wetu.

Asiransi si likelemba

Wote tunajua likelemba. Watu kumi wanatoa kiasi kilekile, leo anapokea huyu, kesho yule, na mwishoni kila mmoja amepata zamu yake. Hakuna anayepoteza, hakuna anayezidisha.

Asiransi, au bima, inafanya kazi kwa njia nyingine. Watu wengi wanatoa kidogo kidogo, lakini anayepokea ni yule tu aliyepatwa na hasara. Kama mwaka umepita na nyumba yako haikuungua, hurudishiwi kitu. Wengine wanasema: “Sasa makuta yangu yameliwa.” Hapana. Yamemsaidia jirani aliyeungulika, na kama ungekuwa ni wewe, ya jirani yangekusaidia. Ulichonunua ni kulala usingizi.

Hesabu hii inafaulu kwa sharti moja kubwa: hasara isiwapate wote siku moja. Moto ukichoma nyumba mbili kati ya mia, zile tisini na nane zinaweza kusaidia. Lakini nyumba zote mia zikipotea siku moja, nani atamsaidia nani? Shikeni sharti hilo vizuri, tutalirudia.

Maneno manne ya kujua

Mtu akikuletea kontra ya asiransi, tafuta mambo manne mbele ya kutia sahihi.

Primi. Ni ile ada unayolipa, kwa kawaida kila mwaka. Ukiacha kuilipa, kinga inasimama, hata kama ulilipa miaka mitano mfululizo.

Kiasi kilichoandikwa. Ni thamani ya nyumba au mali uliyotangaza. Kampuni haitalipa zaidi ya hapo.

Franshizi. Ni sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Kama franshizi ni dola 50 na hasara ni dola 40, hupati kitu. Kama hasara ni dola 300, unapata 250.

Mambo yasiyolipwa. Huu ndio ukurasa wenye maandishi madogo, na ndio wa kusoma kwanza. Kama hujui Kifaransa cha kontra, mpe mtoto anayesoma sekondari au sekreteri wa koperative akusomee polepole, neno kwa neno.

Ukurasa huo unasema nini juu ya Sake

Kontra ya kawaida ya nyumba, hapa kwetu na duniani kote, inafunika moto, na mara nyingi radi, mlipuko wa gazi, wizi, au maji. Sasa tulinganishe na hatari zetu.

Vita: kontra za nyumba za kawaida haziwalipi walioharibiwa na vita, mabomu, uasi au uporaji wa wakati wa vita. Si Kongo peke yake. Ni hivyo nchi nyingi, juu ya lile sharti tulilosema. Vita vinapiga wote kwa mara moja, na hakuna sanduku la kampuni linaloweza kuvumilia.

Volkano na tetemeko: mara nyingi haviko ndani ya kontra ya msingi. Vinaongezwa kwa bei yake, kama mwenye kununua anaomba. Nasi tunakaa karibu na Nyiragongo na Nyamulagira. Kati ya 1938 na 1940 mawe ya moto ya Nyamulagira yalishuka mpaka ziwani, karibu na Sake. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na kupita katikati ya Goma; tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena na kuchoma maelfu ya nyumba kaskazini mwa muji. Siku tano baadaye, Goma ilipoamriwa kuhama, watu wengi sana walikuja kwetu Sake. Hatari hiyo si hadithi.

Mvua na maporomoko: mwanzoni mwa mwezi wa tano 2023, mito ilifurika Bushushu na Nyamukubi, ku Kalehe, na zaidi ya watu mia nne walikufa. Uliza wazi kabisa: mafuriko yako ndani ya kontra, ama hayako?

Nyumba ya mbao: makampuni yanapenda tofali, sementi na jiwe. Mbao inaungua haraka, kwa hiyo wanaikataa, ama wanaomba primi kubwa.

Karatasi ya parseli: wanataka kujua nyumba ni ya nani. Wengi wetu tuko na barua ya kununua iliyosainiwa mbele ya chefu, si cheti cha serikali.

Kwa hiyo mwanamemba mwenye nyumba ya mbao ya vyumba viwili anaweza kulipa primi miaka mingi, na siku ya balaa aambiwe: “Hilo haliko ndani.” Asilaumiwe mtu asiyejua kusoma, alaumiwe aliyeuza bila kueleza.

Nani ana haki ya kuuza asiransi?

Zamani hapakuwa na swali. Tangu 1966 kampuni ya serikali, SONAS, ilikuwa peke yake katika nchi nzima. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine, na serikali ikaunda mamlaka ya kuyasimamia inayoitwa ARCA. Tangu 2019 makampuni ya watu binafsi yamepata ruhusa.

Kwa sisi wakulima, faida yake ni moja: unaweza kulinganisha bei. Hatari nayo iko: mtu yeyote mwenye shati safi na karne ya risiti anaweza kusema yeye ni wakala. Mwombe barua inayoonyesha kwamba kampuni ina ruhusa ya ARCA. Usilipe mkononi barabarani. Dai risiti yenye muhuri, na kontra yenye jina lako, siku ya kuanza na siku ya kumalizika.

Jambo lingine linalochanganya watu: ukikopa makuta, mara nyingine wanakukata kiasi kidogo na kuandika “asiransi”. Mara nyingi hiyo ni ya mkopo. Ukifa, deni linalipwa, jamaa hawasumbuliwi. Ni nzuri, lakini haihusu nyumba yako hata kidogo. Uliza, usidhani.

Kama unanunua, punguza bei kwa akili

Kuna mahali asiransi ya bironi inaweza kuwa na maana: depo ya koperative. Ni ya tofali au mawe, ina karatasi, ina mlango wa chuma, na ndani yake kuna mahindi na maharagwe ya watu wengi ambayo thamani yake inajulikana kwa daftari. Hapo komite inaweza kufanya haya:

Omba bei kwa makampuni matatu, kwa maandishi, kwa hatari zilezile. Bei ndogo yenye franshizi kubwa na hatari chache si bei ndogo.

Lipia muda depo inapojaa tu, kama kampuni inakubali. Hakuna maana ya kulipia gunia mia mbili mwezi ambao ndani mmebaki panya.

Kubali kubeba hasara ndogo wenyewe. Ukiongeza franshizi, primi inashuka. Gunia moja lililolowa, koperative inaweza. Depo nzima kuungua, haiwezi. Asiransi ni ya lile msiloliweza.

Onyesha mmejikinga: ndoo za mchanga, mlinzi wa usiku, hakuna jiko ndani. Hayo ni maneno ya kupunguzia bei.

Lakini msipunguze kwa kudanganya thamani. Tuweke mfano. Depo ina mali ya dola 2.000. Komite inaandika 1.000 ili primi iwe ndogo. Moto unachoma mali ya dola 800. Watu wanafikiri watapata 800, kwa sababu ni chini ya 1.000. Sivyo. Kampuni inasema: mlilipia nusu ya thamani, basi tunalipa nusu ya hasara, ni dola 400. Ikitolewa franshizi ya 50, mnabaki na 350. Mliokoa dola chache za primi, mkapoteza dola 400 ambazo mngelipwa.

Asiransi yetu ya kwanza: sanduku jekundu

Wanamemba walio katika MUSO wanajua masanduku matatu: la kijani la akiba na mikopo, la bluu la makuta yanayotoka nje, na jekundu la msaada. Katika AVEC nako, pamoja na sehemu za akiba za kila juma na lile sanduku la makufuli matatu, kuna mfuko wa kusaidiana. Sanduku jekundu ni asiransi. Halina bango wala biro yenye vioo, lakini hesabu ni ileile, na wenye kampuni ni ninyi.

Shida ni kwamba vikundi vingi vinaliacha bila sheria. Mtu akilia, wanahurumia, wanatoa. Anayejua kusema anapata zaidi. Mjane asiyejua kusema anapata kidogo. Tupige hesabu pamoja.

Kikundi cha watu 25, kila mmoja anatoa franka 500 kila juma kwa ajili ya nyumba tu. Ni franka 12.500 kwa juma, na kwa majuma 52 ni franka 650.000. Tuseme mmepanga hivi: nyumba ikiungua yote, mwenyewe anapata 200.000, upepo ukiondoa paa, anapata 80.000. Mwaka huo zikiungua nyumba mbili na paa tatu ziondoke, mmetoa 400.000 na 240.000, jumla 640.000. Mmebaki na franka 10.000. Inatosha, lakini kwa shida. Mkiahidi 300.000 kwa kila nyumba iliyoungua, sanduku lingekufa mbele ya mwaka kumalizika. Kwa hiyo, ahidi kile sanduku linaweza, si kile moyo unataka.

Sheria hizi sita zinatosha, ziandikwe katika daftari na kila mwanamemba atie sahihi ama kidole:

1. Kiasi cha kila hasara kinajulikana mbele, sawa kwa wote, tajiri na maskini.

2. Mwanamemba mpya anangoja miezi mitatu mbele ya kupata haki. Bila hivyo mtu ataingia siku paa linapoanza kuvuja.

3. Hasara inatangazwa ndani ya siku tatu, na wanamemba wawili wasio wa jamaa yake wanaenda kuona kwa macho, pamoja na chefu wa avenue.

4. Tukio moja halichukui zaidi ya nusu ya sanduku.

5. Ya nyumba haichanganywi na ya ugonjwa na kilio. Kila moja na mstari wake katika daftari.

6. Mwisho wa mwaka, akiba inagawanywa, lakini sanduku jekundu haligawanywi. Hapa ndipo vikundi vingi vinakosea. Mwaka usio na moto ndio unaojenga nguvu ya mwaka wa moto.

Na msaada usiwe makuta peke yake. Salongo ya siku mbili, kila jirani ubao mmoja, mwenye nyundo alete nyundo: hiyo inapunguza kiasi sanduku linachotoa.

Pale sanduku linaposhindwa

Sasa turudie lile sharti. Mwaka 2024 hakuna sanduku jekundu la Sake lililoweza kulipa nyumba za wanamemba wake, kwa sababu wote walikimbia pamoja. Mwishoni mwa Januari 2025 hata benki za Goma zilifunga milango. Tusidanganyane: hakuna kikundi cha watu 25 kinachoweza kufunika vita. Lakini kuna namna ya kupoteza kidogo.

Kwanza, msiweke hatari yote mahali pamoja. Vikundi kumi vya koperative moja, vingine Shasha na Bweremana, vingine Mushaki na Karuba, vinaweza kila kimoja kupeleka sehemu moja kwa tano ya sanduku jekundu katika mfuko wa pamoja. Kwa mfano wetu ni franka 130.000 kwa kikundi, yaani 1.300.000 kwa kumi. Kikundi kimoja kikiunguliwa nyumba nne zinazofuatana, kinahitaji 800.000, chenyewe kimebaki na 520.000, kwa hiyo kile kiasi cha 280.000 kinatoka kwa wenzao. Kwa tukio kubwa la namna hiyo, mkutano mkuu unaweza kukubali kwa kura kuvuka ile nusu.

Pili, msiache makuta yote ndani ya sanduku la mbao. Sehemu iwe katika simu, na namba ya siri igawanywe: mtu mmoja anashika tarakimu mbili za kwanza, mwingine mbili za mwisho. Mmoja peke yake hawezi kutoa kitu.

Tatu, linda karatasi. Piga picha ya nyumba, ya barua ya parseli, ya ukurasa wa karne, na umtumie mtu wa jamaa anayekaa mbali. Mtu akirudi akute mwingine anajenga kwenye parseli yake, picha hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko mabati yote.

Kinga ya bei rahisi iko nyumbani

Franka inayozuia moto ni bora kuliko franka inayolipa majivu. Gari la zimamoto likitoka Goma, kilometa zaidi ya ishirini, nyumba ya mbao itakuwa imekwisha kuanguka.

Jiko liwe nje ya nyumba ya kulala, hata kama ni la shitingi na miti minne. Babula usiiache na makala ya moto ndani usiku. Mbali na moto, hewa yake inaua waliolala. Buji isisimamishwe juu ya kitanda wala karibu na neti. Petroli isikae ndani ya chupa ya kinywaji. Waya za batri ya plake ya jua zifungwe vizuri, zisiguse ubao zikiwa wazi. Weka ndoo ya mchanga mlangoni. Mawe na mchanga wa volkano tuko navyo bure.

Kama unajenga sasa, acha nafasi ya hatua kadhaa kati yako na jirani. Nyumba zinazobanana zinaambukizana moto. Funga miti ya paa kwa waya ya chuma mpaka chini ya nguzo, si kwa misumari peke yake, upepo wa milimani usipate pa kushika. Chimba mfereji upande wa juu ya nyumba, maji yapite kando. Na mbele ya kununua parseli ya bei ndogo kando ya ziwa au katika bonde dogo, waulize wazee kama pana mazuku. Bei ndogo huwa na sababu, na hakuna asiransi inayorudisha mtoto.

Mbegu nazo zigawanye: nusu nyumbani, nusu ku depo ya koperative. Nyumba ikipotea, msimu usipotee.

Kwa mkutano unaokuja

Prezida na komite, tunawaomba mweke jambo moja katika mpango wa mkutano: sanduku jekundu. Fungueni daftari mbele ya wote. Ulizeni: tuko na kiasi gani leo? Mwaka jana tulilipa nani, na kwa sheria gani? Leo usiku nyumba mbili zikiungua, tunaweza? Kama jibu ni hapana, mpange kiasi kipya kila mtu anachoweza, hata kama ni franka 200. Anayeshindwa kutoa makuta juma hili, atoe ubao ama siku ya kazi, na iandikwe.

Na siku wakala wa asiransi atakapobisha ku mlango wenu, mkaribisheni, mpeni kiti. Kisha mwombeni afungue kwanza ukurasa wa mambo yasiyolipwa.